Vyuma vya Shingo: Jinsi ya Kupata Vinavyoifaa Baiskeli Kuukuu



Somo la mwezi huu si la mbegu wala la mbolea. Ni la baiskeli. Lakini usifunue ukurasa upesi, maana mazao yasiyofika sokoni hayana faida, na kwa wakulima wengi wa Kisauni, Bamburi, Likoni na Changamwe baiskeli ndiyo gari la kufikishia mazao Mombasa. Mchicha huuzwa asubuhi. Mwenye kufika Marikiti saa nne, baada ya kusukuma baiskeli mbovu kwa miguu, hukuta wanunuzi wamekwisha kwenda zao, na mboga zake zimenyauka.

Tutasoma juu ya sehemu moja tu ya baiskeli, nayo ni vyuma vilivyomo katika shingo, vinavyouwezesha usukani kugeuka. Ni vyuma vidogo. Vyote pamoja hukaa katika kiganja cha mkono. Hata hivyo, vikiwa vibovu usukani hautii, na vikiwa si vya fremu ile, shingo yenyewe yaweza kupasuka. Kusudi la somo ni moja: ukitaka kununua vyuma vipya kwa ajili ya fremu kuukuu, usinunue kwa macho, nunua kwa kipimo.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA MOMBASA

Mombasa ni kisiwa. Atokaye kaskazini hupita daraja la Nyali, lile lililofunguliwa mwaka 1980 mahali pa daraja la zamani lililoelea juu ya maji. Atokaye bara hupita Makupa. Atokaye kusini huvuka kwa feri ya Likoni. Njia zote hizi zina magari mengi, na mwendesha baiskeli hana nafasi ya kuyumba. Tena akiingia Mji wa Kale, katika Ndia Kuu na vichochoro vya Kibokoni, hukuta pembe za ghafula, watoto, mikokoteni na pikipiki. Hapo usukani lazima ugeuke mara moja na kwa wepesi.

Jambo la pili ni hewa ya bahari. Chumvi iliyomo katika upepo hushika kila chuma kisicho na grisi. Maji ya mvua nayo hurushwa na gurudumu la mbele moja kwa moja mpaka chini ya shingo. Kwa hiyo vyuma vya shingo, hasa vile vya chini, huota kutu upesi katika kisiwa hiki kuliko katika miji ya bara iliyo mikavu.

Jambo la tatu ni asili ya baiskeli zetu. Zamani mkulima wa pwani alijua baiskeli nyeusi nzito za aina moja au mbili, kama Raleigh ya Nottingham, na baadaye zile za India kama Hero ya Ludhiana, kiwanda kilichoanza mwaka 1956. Siku hizi baiskeli kuukuu za kila namna hushushwa bandarini Kilindini kutoka Ulaya na Japani. Miongoni mwao zimo baiskeli nyepesi za barabarani, zenye magurudumu membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Fremu zake ni za chuma kizuri na zaweza kutumika miaka mingi bado. Lakini kila nchi ilizipima kwa desturi yake, na hapo ndipo taabu inapoanza.

SHINGO IMEUNDWAJE

Tazama mbele ya fremu. Utaona bomba fupi lililosimama; hilo ndilo shingo. Ndani yake limepita bomba jingine, ambalo ni sehemu ya juu ya uma. Uma ni kile chuma chenye miguu miwili kinachoshika gurudumu la mbele. Mafundi wengine hukiita foki. Bomba la uma hugeuka ndani ya shingo bila kuigusa, kwa sababu ya vyuma vifuatavyo, tukianza chini kwenda juu:

1. Pete ya uma. Hii imebanwa kwa nguvu juu ya mabega ya uma.
2. Gololi za chini.
3. Kikombe cha chini. Hiki kimeshindiliwa katika mwisho wa chini wa shingo.
4. Kikombe cha juu. Hiki kimeshindiliwa katika mwisho wa juu wa shingo.
5. Gololi za juu.
6. Nati ya kurekebishia. Hii ina njia ya gololi upande wa chini, na hufungwa kwa mkono juu ya bomba la uma.
7. Washa yenye ulimi. Ulimi wake huingia katika mfereji wa bomba la uma ili washa isizunguke.
8. Nati ya kufungia, ambayo hukaa juu kabisa.

Ndani ya bomba la uma huzama shina la usukani. Shina si miongoni mwa vyuma vya shingo, lakini nalo lina kipimo chake, kama tutakavyoona.

DALILI ZA UBOVU

Fanya majaribio matatu, kila moja halichukui dakika moja.

Kwanza, shika breki ya mbele kwa nguvu, kisha isukume baiskeli mbele na kuivuta nyuma. Weka kidole mahali kikombe cha juu kinapokutana na nati. Ukisikia mchezo, vyuma vimelegea au vimekwisha.

Pili, inua gurudumu la mbele kutoka chini, ukaupindue usukani polepole kulia na kushoto. Ukisikia mchanga unasagika, gololi zimeota kutu au zimevunjika.

Tatu, upindue tena ukipitisha usukani mahali pa katikati. Kama unanasa hapo katikati kana kwamba kuna kishimo, basi kishimo kipo kweli. Gololi za shingo hazizunguki sana kama za gurudumu. Wakati mwingi baiskeli huenda sawa, na kila shimo la barabarani hugonga gololi zilezile mahali palepale. Mwishowe huchimba vijishimo katika njia yake. Baiskeli ya namna hii ni ya hatari, maana haikubali marekebisho madogo ya mwendo. Mwenye mzigo mzito nyuma huanza kuyumba, na kila akijaribu kuisawazisha huzidisha.

Dalili ya kwanza pengine huponywa kwa kukaza. Ya pili pengine huponywa kwa gololi mpya na grisi. Ya tatu haiponi ila kwa kubadili vyuma vyenye vishimo.

KWA NINI VYUMA HAVILINGANI

Mtu akiona bomba la uma la Mwingereza, la Mjapani na la Mfaransa yamewekwa pamoja, atasema ni kitu kimoja. Kwa macho ni kweli. Lakini tofauti ni ya nusu milimita, au chini yake, na chuma hakisamehe nusu milimita.

Haya ndiyo makabila ya vyuma vya shingo yanayopatikana sana katika baiskeli kuukuu za barabarani:

Kipimo cha kimataifa, kilichotokana na desturi ya Kiingereza. Bomba la uma lina unene wa inchi 1, yaani milimita 25.4. Nyuzi zake ni 24 katika kila inchi. Kikombe kina kipenyo cha milimita 30.2 katika sehemu inayoingia shingoni. Pete ya uma ina tundu la milimita 26.4. Vyuma vya Italia hukaribiana sana na hivi, na mara nyingi hufungika pamoja.

Kipimo cha Japani. Bomba ni inchi 1, na nyuzi ni 24 kwa inchi, sawasawa na za kimataifa. Lakini kikombe ni milimita 30.0, na pete ya uma ni milimita 27.0.

Kipimo cha zamani cha Ufaransa. Bomba la uma lina unene wa milimita 25, na kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni milimita 1 kamili. Peugeot nyingi za zamani ni za kabila hili.

Raleigh ya Nottingham. Bomba ni inchi 1, lakini nyuzi ni 26 kwa inchi badala ya 24. Kiwanda kile kilifanya hivyo katika baiskeli zake nyingi za kawaida, na nati ya mwenzake haiingii.

Kuna na kabila la tano ambalo si la baiskeli hizi, bali huwadanganya watu dukani. Ni vyuma vya baiskeli za milimani zilizoenea tangu miaka ya 1990. Bomba lake ni nene, milimita 28.6, na kikombe chake ni milimita 34. Nyuzi zake nazo ni 26 kwa inchi. Kwa hiyo mtu akiuliza tu, "Una nati ya nyuzi 26?" aweza kupewa ya baiskeli ya milimani, nayo haitafaa Raleigh hata kidogo.

Sasa angalia jambo moja kwa makini. Nyuzi za Japani na za kimataifa ni sawa. Ukichukua nati ya kimataifa ukaifunga katika uma wa Kijapani, itaingia vizuri mpaka chini. Fundi mwenye haraka atasema, "Haya, imekubali." Lakini nati kukubali si ushahidi wa vikombe wala wa pete. Nyuzi ni kipimo kimoja tu, na vipo vitano.

VIPIMO VITANO

Tafuta rula nzuri ya milimita, penseli, karatasi, na kalipa. Kalipa ni kile kipimo chenye taya mbili cha kupimia unene. Kama huna, karakana yoyote yenye mashine ya kuchonga chuma inayo, na kupima si kazi ya kulipisha fedha nyingi. Fungua uma, safisha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, kisha pima.

Kipimo cha kwanza: unene wa bomba la uma. Pima kwa nje mahali penye nyuzi. Ukipata karibu milimita 25.4, au pungufu kidogo kwa kuchakaa, ni bomba la inchi 1. Ukipata 25 au chini yake kidogo, shuku kuwa ni Mfaransa. Usiamue bado, endelea na kipimo cha pili.

Kipimo cha pili: nyuzi. Funika nyuzi kwa karatasi nyembamba, usugue kwa ubavu wa penseli mpaka alama zionekane. Kisha hesabu nafasi 20 kati ya uzi na uzi, upime urefu wake kwa rula. Nyuzi 24 kwa inchi zitakupa milimita 21.2. Nyuzi za Kifaransa zitakupa milimita 20. Nyuzi 26 kwa inchi zitakupa milimita 19.5. Kwa nini tunahesabu 20, si 5? Kwa sababu tofauti ya uzi mmoja ni ndogo mno, jicho haliioni; lakini ikirudiwa mara 20 huonekana wazi.

Kipimo cha tatu: tundu la shingo. Toa vikombe, upime ndani ya shingo kwa taya za ndani za kalipa. Pima mara mbili, mara ya pili ukigeuza kalipa robo ya mzunguko, maana shingo iliyochakaa huwa yai badala ya duara. Tundu huwa dogo kuliko kikombe kwa kama sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Ndiyo sababu kikombe hukaa kwa nguvu. Basi tundu la milimita 30.0 au 30.1 lataka kikombe cha 30.2. Tundu la milimita 29.8 au 29.9 lataka kikombe cha 30.0. Pima tundu lenyewe, usitegemee kikombe cha zamani peke yake, kwani huenda mtu aliyekutangulia alitia kisichofaa.

Kipimo cha nne: kiti cha pete juu ya mabega ya uma. Ondoa pete, upime pale ilipokaa. Ukipata milimita 26.5 hivi, nunua pete ya 26.4. Ukipata 27 na zaidi kidogo, nunua pete ya 27.0. Hapa ndipo baiskeli za Kijapani hujulikana.

Kipimo cha tano: kimo. Pima urefu wa shingo bila vikombe. Kisha pima bomba la uma toka kiti cha pete hadi ncha ya juu. Toa kile kidogo katika kile kikubwa. Jibu ndilo nafasi uliyo nayo kwa vyuma vyote. Ongeza kama milimita 2, kwa sababu mdomo wa nati ya kufungia hupita juu ya ncha ya bomba.

Tufanye hesabu moja. Tuseme shingo ina urefu wa milimita 150, na bomba la uma lina milimita 188. Toa 150 katika 188, hubaki 38. Ongeza 2, unapata 40. Basi tafuta seti yenye kimo cha milimita 40. Ukipewa ya 34, yafaa pia, ila utatia washa za jumla ya milimita 6 chini ya nati ya kufungia, vinginevyo nati itagonga ncha ya bomba kabla ya kukaza. Ukipewa ya 41, si neno. Lakini ukipewa ya 46, ikatae, maana nati ya kufungia itashika nyuzi chache mno, na siku moja italegea ukiwa juu ya daraja.

Andika vipimo vyote vitano katika kipande cha karatasi. Kisha pima na unene wa shina la usukani. Mashina mengi ya mabomba ya inchi 1 ni milimita 22.2, ya Kifaransa ya zamani ni 22.0. Ukibadili uma, usisahau shina.

KWENDA DUKANI

Nenda na karatasi yako, na vyuma vya zamani vyote ndani ya mfuko, hata vilivyovunjika. Ukiweza, nenda na uma wenyewe. Msalimu fundi, kisha mweleze haja yako kwa ukamilifu. Mazungumzo na yawe hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nikusaidie nini?"

"Nataka vyuma vya shingo, mzee. Bomba ni la inchi moja, nyuzi ishirini na nne. Kikombe thelathini nukta sufuri, pete ishirini na saba. Kimo arobaini."

Fundi akisikia hivyo atajua anazungumza na mtu anayejua anachotaka. Kama ni mzee wa kazi, pengine atakwenda nyuma ya duka na kutoa bati la zamani lenye vyuma visivyo na nembo. Usijali nembo. Toa kalipa, pima mbele yake kwa heshima, na yeye hatakasirika. Fundi mzuri hupenda kupima.

Kama seti nzima haipatikani, kuna njia nne za halali:

Kwanza, tazama kama ubovu ni wa gololi tu. Gololi huuzwa peke yake. Lakini nazo zina vipimo: katika shingo za zamani utakuta za inchi 1/8, za 5/32 na za 3/16. Nunua za kipimo kilekile, na badili zote za upande mmoja kwa pamoja. Ukichanganya mpya na za zamani, mpya zitabeba mzigo wote na kuvunjika.

Pili, changanya seti mbili, lakini kwa akili. Nati za juu zaweza kutoka seti moja na pete ya chini seti nyingine, ikiwa gololi ni za kipimo kimoja na njia zake zimelingana.

Tatu, mpelekee mchongaji wa chuma. Kiti cha uma cha milimita 27 chaweza kupunguzwa kwa mashine hadi kipokee pete ya 26.4. Vilevile tundu la shingo la kikombe cha 30.0 laweza kupanuliwa kwa kifaa chake hadi lipokee cha 30.2. Lakini kumbuka, chuma hupunguzwa, hakiongezwi. Kazi hii ikifanywa hairudi nyuma.

Nne, badili uma mzima pamoja na nati zake. Hii hufaa hasa kwa Mfaransa, ambaye nati zake ni adimu. Ila hakikisha kwamba bomba la uma mpya si fupi kuliko la zamani, na kwamba gurudumu na breki vinakubali.

USIFANYE HAYA

Usifunge nati ya nyuzi 24 katika uma wa nyuzi 26 kwa nguvu ya spana. Itaingia mizunguko miwili mitatu, utadhani imeshika, kumbe imekata nyuzi zote mbili. Hapo utakuwa umepoteza nati na uma.

Usizungushie kikombe kilicholegea kipande cha bati la kopo. Hukaa siku chache, kisha mzigo hukigonga huku na huku, na tundu la shingo hupanuka. Shingo ikisha kupanuka, hata kikombe cha haki hakitakaa tena.

Usishindilie kikombe cha 30.2 katika tundu la kikombe cha 30.0 kwa nyundo. Waweza kufaulu kukiingiza, lakini umeacha shingo imetanuliwa kama mshipi uliokazwa kupita kiasi. Ufa huanza katika ukingo, nao hauonekani kwa sababu ya rangi. Mdharau mwiba guu huota tende. Shingo ikiachana na fremu, hakuna breki itakayokuokoa.

KUVIFUNGA

Vikombe huingizwa kwa kubanwa. Tafuta bolti ndefu kuliko shingo, nati yake, na washa nene mbili pana. Weka kikombe kimoja mahali pake, pitisha bolti ndani ya shingo, weka washa kila upande, kisha kaza polepole. Washa na iguse ukingo wa kikombe, isiguse njia ya gololi. Kikianza kwenda upande, simama, kilegeze, kinyooshe, uanze tena. Pete ya uma hushushwa kwa kipande cha bomba kinachopita juu ya bomba la uma, ukigonga taratibu kuzunguka pande zote.

Tia grisi ya kutosha katika vikombe vyote. Panga gololi mpaka zijae, kisha toa moja ili zipate nafasi ya kuzunguka. Kama gololi zako zimefungwa katika pete ya bati, angalia upande: gololi ndizo ziguse njia zake, si bati. Ingiza uma, funga nati ya kurekebishia kwa vidole, tia washa yenye ulimi, kisha nati ya kufungia.

Sasa rekebisha. Ukiinua gurudumu la mbele, usukani uanguke wenyewe upande wowote kwa uzito wake tu. Ukishika breki na kusukuma, pasiwe na mchezo. Ukipata hali hizi mbili pamoja, shika nati ya kurekebishia kwa spana moja isizunguke, na kaza ya kufungia kwa spana ya pili. Jaribu tena, kwani kukaza hubadili kidogo. Mwisho tia grisi katika shina la usukani, ulizamishe kupita alama ya mwisho iliyochongwa juu yake, ukaze.

Endesha juma moja bila mzigo mzito, kisha rekebisha tena, maana vyuma vipya hujikalia. Baada ya hapo, fungua na utie grisi mpya kabla ya mvua za masika kila mwaka. Anayeishi karibu sana na bahari, au anayebeba samaki na chumvi, na afanye mara mbili. Kipande cha mpira wa tairi la zamani kikivalishwa chini ya kikombe cha chini huzuia maji na mchanga wa gurudumu. Huo ni ulinzi usiokugharimu kitu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wasomaji walio katika vikundi vya wakulima na wayasome maswali haya pamoja, wajibu kabla ya kutazama juu.

1. Nafasi 20 za nyuzi zimepimwa zikawa milimita 19.5, na bomba ni la inchi 1. Je, huenda baiskeli ni ya kiwanda gani?
2. Nati ya kimataifa imeingia vizuri katika uma wa Kijapani. Kwa nini hiyo haitoshi?
3. Shingo ina milimita 140, bomba la uma lina milimita 177. Utafuta seti ya kimo gani?
4. Mwenzako ana kikombe kinachocheza, naye anataka kukizungushia bati. Utamwambia nini?

Jibu la swali la tatu ni milimita 39. Majibu mengine yamo katika somo. Aliyeyapata yote na aifungue karatasi yake, aandike vipimo vya baiskeli yake mwenyewe, aiweke pamoja na hati zake za shamba. Siku vyuma vitakapokwisha, hatakuwa na haja ya kubahatisha, na mboga zake zitafika Marikiti kabla jua halijawa kali.